Nilinyoa Mguu, Nikafuta Ramani

Sehemu ya Tano

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama juu ya kigoda katikati ya chumba cha vipimo, suruali imeshuka, wanawake watatu wananitazama miguu, na kati yao ni mmoja tu ambaye ni mke wangu.

Kwa mnaonijua leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Hasani, kinyozi wa Mwisenge hapa Musoma. Miaka ishirini na mbili nimesimama nyuma ya kiti nikinyoa vichwa vya watu. Kusimama huko kukaniletea mishipa kwenye mguu wa kushoto. Ikavimba, ikajisokota, ngozi ya kifundoni ikawa nyeusi, mwisho ikachimbika kidonda.

Kidonda hicho nilikificha miaka saba. Nilikiosha kwa chumvi, nikakipaka asali, nikanunua unga wa dawa pale stendi ya Bunda ukanitoa malengelenge mpaka gotini. Harufu niliizuia kwa marashi, tena marashi mengi, hadi wateja wakawa wanauliza kama saluni ina msiba.

Mke wangu Mwanaupe ndiye aliyeniburuza hospitali aliposikia madaktari bingwa wanakuja kwa siku tano tu. Wa mishipa ya miguu tuliandikwa kumi na wawili. Mimi nikawa namba kumi na moja, na siku yangu ikawa Ijumaa, siku ya mwisho.

Haya. Alhamisi jioni, juu ya kigoda.

Dokta Prudence, mwanamke mfupi mwenye kucheka haraka, alinipaka mguuni kitu cha baridi kinachoteleza, akaanza kupitisha ile mashine wanayowapimiaga wajawazito.

"Dokta," nikamuuliza, "wa kiume au wa kike?"

Sista Marcelina, muuguzi wa wodi yetu, akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Mwanaupe akanifinya.

"Mapacha," Dokta akajibu bila kunitazama. "Tulia sasa. Simama wima."

Akanieleza ugonjwa wangu kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Damu ikishashuka mguuni inatakiwa ipande kurudi moyoni. Ndani ya mshipa kuna vimilango vya kuizuia isirudi chini. Vyangu vimelegea. Damu inapanda kidogo, inashuka nyingi, inajaa kifundoni, ngozi inachoka, na kidonda hakiponi hata ukipake nini.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakata kidogo hapa kwenye kinena, niufunge huu mshipa mkubwa, halafu niuvute utoke wote mpaka chini ya goti. Umewahi kuvuta kamba ya pajama ikatoka yote?"

"Nimewahi."

"Basi ndiyo hiyo."

Weee! Jamani, kuanzia hapo sikusikia tena. Dokta alichukua kalamu ya wino mzito akawa ananichora mguu mzima, mistari, misalaba, viduara, huku anaongea, anaongea. Mimi nilikuwa naiona kamba ya pajama tu. Kila aliposimama kuvuta pumzi nikajibu, "Sawa, Dokta."

Kitu kimoja tu kilinipenya, kwa sababu alinishika bega.

"Bwana Hasani, hiki kidonda kinakaribia mfupa. Ukikaa nacho mwaka mwingine, hatutaongea tena habari ya kutoa mshipa. Tutaongea habari ya kukata mguu. Umenielewa?"

"Sawa, Dokta," nikasema, na hiyo nilimaanisha.

Niliporudi wodini, Werema alikuwa ananisubiri kitandani kwake. Werema ni mfugaji wa Butiama, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Yeye ndiye namba kumi na mbili. Kidonda chake kilikuwa kipana kuliko changu, naye alikuwa ameshachorwa mguu mchana.

"Lete nione, mura," akasema. Tukaweka miguu sambamba. Akaanza kunisomea mistari yangu kwa kidole. "Hii hapa barabara ya Bunda. Hapa inakata kwenda Kibara. Hapa juu ndiyo kwetu Butiama."

"Mbona Butiama iko karibu na kinena?"

"Ndiyo makao makuu!"

Wodi nzima ikacheka. Mwanaupe akapiga picha mguu wangu kwa simu, mbele na nyuma, amtumie dada yake Tausi aliyeko Kibara. Aliandika, "Shemeji yako amegeuka ramani ya mkoa." Tulilala tukiwa na furaha ya watu waliokwisha kupona.

Ijumaa asubuhi, saa mbili, Sista Marcelina akaja na wembe na beseni.

"Baba Hasani, nakunyoa mguu. Halafu Baba Werema."

Nikautazama mkono wake. Ndugu zangu, wembe ule ameushika anavyoshikaga mtu kisu cha kumenyea muhogo! Mimi nimenyoa wazee, watoto wachanga wa siku arobaini, maharusi wanaotetemeka. Leo mguu wangu mwenyewe, na huko juu ya mguu mnajua kuna nini, niukabidhi kwa mkono ule?

"Sista," nikasema kwa adabu, "mimi ni fundi. Niachie."

"Unaweza?"

"Sista!"

Akacheka, akaniachia, akaenda kuwaandaa wa wodi ya wanawake. Nikavuta begi langu la kazi kutoka chini ya kitanda. Ndiyo, nilikuja nalo hospitali. Jumatano nilikuwa nimeshanyoa nusu ya wodi.

Nikajipaka povu, nikajinyoa kutoka kifundoni hadi kinena bila mchubuko hata mmoja, nikikwepa kidonda kwa nafasi ya vidole viwili. Kazi safi. Werema akawa anaangalia shingo ameinyoosha.

"Na mimi, mura. Yule sista simwamini."

Nikamnyoa na yeye. Mguu wa Werema ulikuwa na msitu, nilibadilisha wembe mara tatu.

Sasa sikilizeni. Kinyozi akimaliza kunyoa anafanya nini? Miaka ishirini na mbili mkono wangu umefanya jambo lile lile kwa kila kichwa. Pamba, spiriti, futa. Poda, brashi, kioo. Mkono haukuniuliza. Nikaloweka pamba kwenye spiriti nikaufuta mguu wangu wote, mara mbili, mpaka ukang'aa. Nikaufuta wa Werema, naye akapiga kelele kwa ule ubaridi. Nikatia poda. Nikampa kioo.

"Tayari, bosi."

Werema hakukitazama kioo. Alikuwa anautazama mguu.

"Hasani," akasema polepole. "Bunda imekwenda wapi?"

Nikatazama mguu wake. Mweupe kwa poda. Nikatazama wangu. Mweupe. Nikatazama pamba mkononi. Nyeusi tii.

Yarabi!

"Dokta alisema tusifute!" Werema akanong'ona, na mnong'ono wa Werema unasikika hadi getini. "Alisema anachora tukiwa tumesimama kwa sababu tukilala mishipa inajificha, haioni! Alisema mashine leo inakwenda Bunda! Hukusikia? Wewe si ulikuwa unajibu sawa Dokta, sawa Dokta?"

"Nilikuwa nawaza kamba!"

"Kamba gani?"

"Ya pajama!"

Nikaruka hadi dirishani na mguu wangu mmoja mzuri. Gari jeupe lilikuwa linatoka getini, dereva Brian kwenye usukani, na mashine kwenye sanduku lake kiti cha nyuma imefungwa mkanda vizuri. Nikapunga mkono. Brian akanipungia pia, kijana mwenye heshima, akakata kona akaenda zake.

Hapo ndipo ningemwita Sista nikasema ukweli. Gari lilikuwa halijafika hata nje ya mji. Simu moja tu ingelirudisha. Lakini kichwani nilimwona Dokta akikunja faili langu na kusema tutaonana mwakani, nikauona mguu wangu umewekwa kwenye ndoo. Nikanyamaza. Hilo ni la kwanza ninaloliungama leo, na siyo kubwa kuliko yote.

Wakati huo akaingia Mwanaupe na kikapu.

Mwanaupe anapambaga maharusi. Mjini Musoma ukiona mkono wa bibi harusi umepakwa piko jeusi likakaa vizuri, uliza, utaambiwa ni Mwanaupe. Mchana ule alikuwa na harusi Mwisenge, kwa hiyo kikapuni mlikuwa na chupa ya uji wake, kanga, na vifaa vya kazi.

Nikamweleza kwa maneno kumi. Akakaa kitandani. Akanitazama uso, akatazama mguu, akatazama uso tena.

"Baba Hafidha," akasema, "umewafuta wote wawili?"

"Wote wawili."

Nilitegemea kofi. Badala yake akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na mimi nikaambukizwa, na Werema akafuata, tukawa watatu tunalia machozi na hali ni mbaya.

Halafu akafuta macho, akatoa simu.

"Picha ninayo."

"Mama Hafidha!"

"Na piko ninalo."

Tukavuta mapazia ya kitanda, nikalala. Werema akakaa nje kulinda. Mwanaupe akasimamisha simu kwenye mto, akachanganya piko kwenye kisahani, akapiga goti. Mkono wake ukawa unashuka mguuni kwangu taratibu, anatazama picha, anachora, anatazama picha. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, nasema kweli.

Nikachungulia.

"Mwanaupe. Hilo ni ua."

"Wapi?"

"Hapo gotini. Dokta aliweka msalaba, wewe umeweka ua."

"Ah! Mkono umezoea." Akajaribu kulifuta kwa kanga. Piko halifutiki. "Basi acha, ni ua dogo."

"Na huo mstari una majani!"

"Mstari mkavu mkono wangu haujui, Baba Hafidha! Nyamaza nisikosee."

Akafika nyuma kwenye shavu la mguu, juu kidogo ya kidonda, akachora jani kubwa ambalo kwenye picha halikuwepo kabisa. Nikamuuliza hili nalo la nini.

"Hapa panawakaga moto usiku," akasema. "Miaka saba nakuosha, najua. Hapa kuna kitu."

Pazia likafunguka, kichwa cha Werema kikaingia.

"Mkimaliza, na mimi."

"Wewe sina picha yako, shemeji," Mwanaupe akamwambia. "Halafu mimi simshiki mguu mwanamume asiye mume wangu."

"Basi ashike mumeo. Nitachorwa chochote. Dokta akikuta mguu mtupu atanirudisha Butiama!"

Ndipo kinyozi aliposhika piko. Mwanaupe alisimama nyuma ya pazia akiniagiza: panda, kata kulia, zungusha. Werema naye ananiagiza: weka mshipa mnene, kama ule wa ng'ombe wa maziwa tumboni. Mimi kuchora sijui, hata shuleni nilikuwaga wa mwisho. Nilipomaliza, mguu wa Werema ulikuwa na kitu chenye shingo ndefu, mbawa na mkia.

"Umenichora tausi," Werema akasema.

"Ni mshipa."

"Una jicho, Hasani."

Tukakaa tumeinua miguu, tunaipepea kwa faili za hospitali piko likauke. Saa sita kasoro Sista Marcelina akaja na kiti cha magurudumu. Nikajifunika shuka hadi kidevuni, nikasoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga.

Chumba cha upasuaji kina baridi jamani. Dokta Prudence alikuwa ameshavaa kofia na barakoa, macho tu yanaonekana. Mtaalamu wa usingizi, bwana mmoja mpole, akanisalimia. Dokta akashika pembe ya shuka.

"Tuone ramani yetu."

Akafunua.

Nikafumba macho. Halafu nikafumbua jicho moja.

Macho ya Dokta yalikuwa yamejaa machozi. Barakoa inaingia na kutoka. Akakaa kwenye kigoda, akainama, akajishika mbavu.

"Sista Marcelina," akasema kwa shida, "nani ameniletea bibi harusi?"

Hapo chumba kizima kilikwisha. Mtaalamu wa usingizi aliegemea ukuta. Sista akatoka nje kabisa, tukamsikia akicheka koridoni.

Nikasema yote. Wembe, spiriti, poda, kioo, piko. Kila nilipotaja kitu kimoja Dokta aliinua mkono niache kwanza apumue.

"Na namba kumi na mbili?" akauliza.

Werema alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni na gauni la kijani la wagonjwa. Mlango ulikuwa wazi. Akainua mguu wake juu ili Dokta aone.

"Dokta, mimi wangu ni ndege!"

Walicheka tena upya. Hata mimi nilicheka, nikadhani nimepona, kwamba mtu anayecheka hivi hawezi kumfukuza mtu.

Dokta akavua barakoa. Cheko limekwisha.

"Bwana Hasani, mkeo ana mkono mzuri. Lakini amekuchora umelala, na mimi nilikuchora umesimama. Ngozi inasogea, mishipa inasogea. Siwezi kukata mguu wa mtu kwa kufuata maua. Nikikosea nitaacha mshipa mbovu, au nitakata mzima. Bila mashine, wewe sikugusi. Na yule mwenzako pia simgusi."

Nikamshika mkono, glavu na kila kitu.

"Dokta, nakuomba. Nihesabie kama mjinga. Mjinga naye ana mguu."

Dokta akamwambia Sista ampigie Brian.

Brian alikuwa ameshafika Bunda. Mashine ilikuwa inatumika, wagonjwa wa huko wamepanga foleni. Wamalize kwanza, akasema daktari wa kule, ndipo irudi. Tukasubiri. Saa saba. Saa saba na nusu. Adhana ya Ijumaa nilikuwa nimeisikia kwa mbali, nikaswali adhuhuri yangu nimekaa, mguu wangu wa maua mbele yangu. Werema akawa ananipigia hadithi za ng'ombe wake mmoja anayekulaga nguo, nikacheka mpaka nikasahau tuko wapi.

Saa nane na nusu Brian akaingia mbio na sanduku.

"Nani amefuta?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Yule uliyenipungia?"

"Ndiyo."

"Mimi nilijua unaniaga!"

Nikapanda tena kwenye kigoda. Dokta akapitisha mashine juu ya maua ya Mwanaupe, akichora upya kwa kalamu ya rangi nyekundu ili asichanganye. Mstari mkubwa ulikuwa umehama kwa upana wa kidole. Ua la gotini, bure. Msalaba wa kinenani, karibu sawa. Akashuka nyuma kwenye shavu la mguu, akafika kwenye lile jani, akapita.

Akarudi.

Akaminya kidogo. Mashine ikatoa sauti ya upepo. Akaminya tena.

"Nani alichora hapa?"

"Mke wangu. Anasema panawakaga moto usiku."

"Jana nilipita hapa haraka," Dokta akasema kama anajisemea. "Kuna mshipa unavuja kutoka ndani. Huu ndio unaolisha kidonda. Tungeuacha, kidonda kingerudi." Akageuka mlangoni. "Mama, njoo! Njoo hapa!"

Mwanaupe alikuwa ameaga kwenda kwa bibi harusi wake na hakuwa ameondoka. Akasogea hadi mlangoni, kikapu mkononi.

"Huyu mgonjwa tumempima wawili," Dokta akamwambia. "Hili jani tunalipasua."

Mwanaupe akapiga kigelegele. Kwenye korido ya chumba cha upasuaji! Sista Marcelina akamnyamazisha huku yeye mwenyewe anacheka. Werema akapiga makofi. Mimi nilikuwa juu ya kigoda, mguu mmoja mweusi kwa piko na mwekundu kwa kalamu, nalia kwa furaha mbele ya watu, wala sikuona aibu. Spiriti yangu imeniokoa, nikajisemea. Ujinga wangu umenipa mguu!

Mwanaupe akaenda kwenye harusi yake mbio. Nikapelekwa ndani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda cha upasuaji, nikakumbatia mto, mgongo wazi, kwa ajili ya ganzi.

Nyuma yangu Dokta alikuwa ananawa mikono. Maji yanatiririka. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini kinyozi amezoea kusikia mambo ya watu waliompa mgongo.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi," Sista akajibu.

"Huyu atachukua saa mbili, na lile jani. Saa kumi na moja na nusu chumba ni cha akina mama wa dharura, na sisi saa kumi na mbili tunaanza safari." Maji yakafungwa. "Namba kumi na mbili hawezi kuingia. Mwambieni aende nyumbani, aje kambi ya mwakani."

"Dokta, mguu wake..."

"Najua mguu wake. Kidonda chake kimekaribia mfupa kuliko cha huyu. Lakini orodha ni orodha. Wakati tuliokuwa nao wa watu wawili umepotea tukisubiri mashine."

"Nani atamwambia?"

Mimi nilikuwa nimekumbatia mto. Nilisikia kila neno. Aliyeupoteza wakati ule nilikuwa mimi. Mguu wa Werema niliufuta mimi, kwa mkono wangu, kwa spiriti yangu, kisha nikampa kioo. Asingenikabidhi mimi mguu wake, Sista angemnyoa vibaya, angemchubua, na ramani yake ingekuwepo mpaka sasa. Angeingia saa sita wakati mimi nikisubiri mashine. Sasa hivi angekuwa wodini, mshipa umetoka.

Neno moja lilikuwa linatosha. "Muweke yeye." Ni maneno mawili, haya. Nilikuwa nayo mdomoni.

Dokta akaja mbele yangu, macho yake yamechoka lakini mema.

"Tuko tayari, Bwana Hasani?"

Na hili ndilo kubwa ninaloliungama kwenu. Nilimtazama machoni nikasema, "Sawa, Dokta."

Mtaalamu wa usingizi akanipaka dawa ya baridi mgongoni. Harufu nikaijua. Spiriti.

"Inamisha kichwa, baba. Kunja mgongo. Ukishasikia sindano, usitikisike hata kidogo. Ukitikisika tutakuumiza."

Nikainama. Nikafumba macho.

Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Koridoni, ile sauti ya kuita ng'ombe ilikuwa inaongea na simu, Butiama nzima isikie.

"Diana! Unanisikia mwanangu? Mwambie mama yako asilie, leo ni leo! Anaingia rafiki yangu Hasani, halafu ni mimi!... Eeh?... Halafu ni mimi, nasema! Mimi ndiye wa mwisho!"

"Usitikisike, baba," sauti ikasema nyuma yangu, na ncha ya sindano ikagusa ngozi.

Nikatikisika.